Nani Anasema: Radikali au Kiyeyushi?

Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa ya mstari mmoja: kiyeyushi ni chombo tu cha kubebea radikali, kwa hiyo tabia ya radikali inaweza kupimwa na kutangazwa bila kuhangaika na kilichoiyeyusha. Mfamasia aliitetea, kwa sababu kazi yake ya kila siku imesimama juu yake. Mwalimu, aliyefundisha kemia ya kaboni mpaka akastaafu, aliipinga. Mfizikia, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu na sasa anashinda na mashine za rezonansi ya sumaku, alikataa kuchagua upande. Alisema atasimama na spektra. Uenyekiti ukaniangukia mimi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwazuia wasikimbilie fomula.

Kwa asiyeijua mada: radikali ni atomi au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa kawaida elektroni hukaa mbili mbili, na usumaku wa moja hufuta wa nyingine. Iliyobaki pweke haina wa kuifuta, hivyo inabaki sumaku ndogo. Ukiitia kwenye uga wa sumaku inakuwa na hali mbili tu za kukaa, na mikrowevu yenye masafa yanayolingana na tofauti ya hali hizo huihamisha kutoka moja kwenda nyingine. Yevgeny Zavoisky aliliona jambo hilo, rezonansi ya sumaku ya elektroni, kwa mara ya kwanza mjini Kazan mwaka 1944, vita ikiendelea. Mashine za MRI za hospitalini ni ndugu wa kipimo hiki, ila zenyewe husikiliza viini vya haidrojeni badala ya elektroni.

MFAMASIA: Ndugu mwenyekiti, nianze na meza yangu ya kazi. Majani au magome yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa, yanakamuliwa. Mkamuo ule nautia kwenye DPPH iliyoyeyushwa kwa methanoli. DPPH ni radikali ya unga, unainunua kwenye chupa, haina haraka ya kufa, na mmumunyo wake ni wa zambarau. Mkamuo ukiwa na antioksidanti, zambarau inafifia kwenda njano. Nasoma kwenye spektrofotomita, nanomita 517, na ndani ya nusu saa jibu ninalo. Tafiti za mimea dawa za Afrika Mashariki zimejaa kipimo hiki kwa sababu gharama yake inabebeka. Methanoli ipo pale kwa kuwa inayeyusha DPPH na inayeyusha mkamuo. Ingekuwa na lake jingine, watu wangekwisha kulalamika.

MWALIMU: Walikwisha lalamika, mwanangu, hukuwasikia tu. Lakini DPPH tuiache kwanza, ina mambo mengi. Tuanze na TEMPO, radikali pole. Ni pete ya atomi sita, tano za kaboni na moja ya naitrojeni. Juu ya naitrojeni kuna oksijeni, na pembeni vikundi vinne vya methili vinavyowazuia wageni wasisogee karibu. Ndiyo maana inaweza kukaa kwenye chupa miaka na miaka. Ni fuwele za rangi ya chungwa iliyokolea, zinazoyeyuka kwenye nyuzi 36 hadi 38 za Selsiasi, kwa hiyo kwa joto la Dar es Salaam ni vyema ikae kwenye friji. Wakemia wawili wa Kisovieti, Lebedev na Kazarnovskii, waliitangaza mwaka 1960.

Sasa, elektroni pweke ya TEMPO haikai mahali pamoja. Imegawanyika kati ya naitrojeni na oksijeni. Unaweza kuichora molekuli hiyo kwa namna mbili. Ya kwanza, elektroni iko juu ya oksijeni na hakuna chaji popote. Ya pili, elektroni iko juu ya naitrojeni, naitrojeni ina chaji chanya na oksijeni ina chaji hasi. Molekuli halisi ni mchanganyiko wa michoro yote miwili, na kiasi cha mchanganyiko huo kinaamuliwa na majirani. Ukiiweka kwenye tolueni, majirani hawajali chaji, mchoro wa pili unakosa wa kuusaidia. Ukiiweka majini, molekuli za maji zinaelekeza haidrojeni zao kwenye oksijeni ile na kuituliza chaji hasi. Mchoro wa pili unapata nguvu, elektroni inahamia zaidi kwenye naitrojeni.

MFAMASIA: Na haya yote mnayaonaje? Kwa imani?

MFIZIKIA: Kwa rula, dada yangu. Kiini cha naitrojeni-14 nacho ni sumaku, na kina namna tatu za kujipanga. Moja inaongeza kidogo uga ambao elektroni inauona, nyingine inaupunguza, ya tatu inauacha ulivyo, kwa hiyo mstari mmoja wa spektra unakuwa mitatu, yenye urefu karibu sawa. Umbali kati ya mstari na mstari unategemea elektroni inakaa kwa kiasi gani juu ya naitrojeni. Kwenye tolueni umbali huo ni karibu gausi 15.5. Majini ni karibu 17.3.

MFAMASIA: Kaka, hiyo ni tofauti isiyofika hata gausi mbili. Ndiyo ya kufanyia mkutano?

MFIZIKIA: Ni zaidi ya asilimia 10, na mimi nasoma umbali huo hadi sehemu chache za mia za gausi. Kwako wewe, kupima kidonge na kukuta dawa imezidi kwa asilimia 10 ni habari ndogo?

(Hapo Mfamasia alinyamaza kidogo akaandika kitu. Nilishukuru, kwa sababu Mfizikia alikuwa amebakiza jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nikamwomba aeleze sampuli yenyewe inaandaliwaje.)

MFIZIKIA: Kwanza unaipunguza TEMPO sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimoli kwa lita. Ukiweka nyingi, radikali zinagongana zenyewe kwa zenyewe na mistari inanenepa. Unachukua kapilari ya kioo, unaigusisha kwenye kimiminika, kinapanda chenyewe. Chini unaziba kwa udongo maalumu wa kuzibia, nje unaifuta kwa karatasi laini, unaiteremsha taratibu ndani ya kaviti, kile kisanduku cha chuma kinachokaa katikati ya sumaku. Kapilari hiyo lazima iwe nyembamba, tundu lake milimita moja au chini yake, ikiwa kiyeyushi ni maji. Maji hunyonya mikrowevu. Ndivyo jiko la mikrowevu linavyopasha wali. Ukithubutu kuweka mrija mpana wa maji, kaviti haitulii kabisa na sampuli inaanza kupata moto. Tolueni haina tabia hiyo, mrija wa milimita nne unapita bila shida. Yaani namba bado hujaisoma, kiyeyushi kimekwisha kuamua utatumia chombo gani.

Halafu kuna hewa. Oksijeni tunayovuta ina elektroni mbili zisizo na wenza, kwa hiyo nayo ni sumaku. Ikigongana na TEMPO inaifanya mistari ipanuke. Na oksijeni huyeyuka kwenye tolueni mara kadhaa zaidi kuliko kwenye maji. Mtu akilinganisha spektra mbili bila kuondoa hewa, atadhani tolueni yenyewe ndiyo iliyonenepesha mistari, kumbe ni oksijeni iliyojificha humo. Inabidi upitishe naitrojeni au agoni, au ugandishe sampuli, uvute hewa kwa pampu, uyeyushe, urudie. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha data nzuri na data ya haraka.

MWALIMU: Hilo niliwafundisha mwaka wa pili, nawe ulikuwa unaliruka.

MFIZIKIA: Shikamoo, Mwalimu. Sasa siliruki.

MWALIMU: Marahaba. Basi tuendelee.

Mimi niliona hoja ya mezani imekwisha kuchanika, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa haujaanza. Ulianza pale nilipouliza: ikiwa kiyeyushi kinamsogeza elektroni, kinamsogeza kwa njia gani? Kwa umeme wake wa jumla, au kwa kushikana na radikali molekuli kwa molekuli? Waliogawanyika hapo walikuwa Mwalimu na mwanafunzi wake.

MFIZIKIA: Njia rahisi, na mimi napenda kuanza na rahisi, ni kuisahau sura ya molekuli za kiyeyushi. Lars Onsager alifanya hivyo mwaka 1936. Radikali iko ndani ya tundu la duara, nje kuna kitu laini kisicho na chembe, chenye namba moja tu: namba ya dielektriki. Tolueni ina 2.4, asetoni karibu 21, ethanoli karibu 24, methanoli karibu 33, DMSO karibu 47, maji karibu 78. Dipoli ya radikali inakivuta kitu hicho laini, nacho kinairudishia uga wa umeme. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mchoro wa pili wa Mwalimu unavyotulizwa. Fomula moja, na unafika mbali.

MWALIMU: Unafika mbali mpaka wapi? Hebu isome tena hiyo orodha yako. Mwaka 1976 Knauer na Napier walichapisha vipimo vya nitroksidi nyingine, yaani radikali ya naitrojeni na oksijeni kama TEMPO, ile ya di-tert-butili, kwenye viyeyushi vingi. Heksani ilitoa karibu gausi 15.1. Asetoni karibu 15.5. DMSO karibu 15.7. Mpaka hapo fomula yako inacheka. Kisha inakuja ethanoli. Namba yake ya dielektriki ni nusu ya DMSO, kwa hiyo ilipaswa kukaa chini ya DMSO. Imekaa wapi?

MFIZIKIA: Karibu 16.

MWALIMU: Juu. Na methanoli juu yake, na maji juu ya wote. Chukua trifluoroethanoli: dielektriki yake ni ndogo kuliko ya methanoli, lakini umbali wa mistari unaipita methanoli. Kitu gani ethanoli, methanoli, trifluoroethanoli na maji wanacho, na DMSO hana? Wana haidrojeni juu ya oksijeni, haidrojeni ya kuitoa kwa jirani. DMSO ni mpokeaji mzuri wa kifungo cha haidrojeni, lakini hana cha kutoa. Oksijeni ya TEMPO inataka mtoaji. Hili si suala la umeme wa jumla, ni suala la nani amesimama mlangoni.

MFIZIKIA: Sikatai kwamba kifungo cha haidrojeni kipo. Nakataa kwamba kinatosha. Kwenye kundi lisilo na watoaji, yaani heksani, asetoni, DMSO, namba inapanda na dielektriki kwa utaratibu mzuri tu. Kwa hiyo nguvu zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja, na mstari wa TEMPO kwenye kimiminika ni jumla yake. Na tatizo ni kwamba kwenye kimiminika kifungo kinaundwa na kukatika ndani ya pikosekunde chache. Mashine yangu ya GHz 9.5 haina mbio hizo, inaona wastani. Ukiniambia wastani umepanda, sijui kama vifungo vimekuwa vingi au kila kimoja kimekuwa na nguvu zaidi au dielektriki imepanda.

MWALIMU: Ndiyo sababu mkajenga mashine kubwa.

MFIZIKIA: Ndiyo sababu. Kwenye GHz 95 uga unafika karibu tesla 3.4, sumaku ni ya superkondakta, inapozwa kwa heli kimiminika. Hapo ile namba tuiitayo g, ambayo kwa elektroni huru ni 2.0023 na kwa nitroksidi ni karibu 2.006, inaachana katika mihimili mitatu. Mhimili unaofuata kifungo cha naitrojeni na oksijeni ndio unaohisi zaidi kifungo cha haidrojeni. Ukigandisha mmumunyo ukawa kama kioo, kilele cha mhimili huo kinaweza kugawanyika vilele viwili au vitatu: kimoja cha radikali zisizo na kifungo, kingine cha zenye kifungo kimoja, kingine cha zenye viwili. Hapo nahesabu. Sikisii tena.

MWALIMU: Unahesabu barafu.

MFIZIKIA: Nahesabu kioo, Mwalimu, si barafu. Fuwele za barafu zingeifukuza TEMPO zikairundika pembeni. Ndiyo maana tunachanganya gliseroli au tunatumia alkoholi zinazoganda bila fuwele.

MWALIMU: Ita upendavyo. Ni kimiminika kilichokufa. Swali letu ni la radikali ndani ya kiyeyushi kinachotembea, wewe umekisimamisha ndipo ukakihoji.

Nakiri kwamba mimi niliegemea kwa Mwalimu hapo, ingawa mwenyekiti hatakiwi. Lakini Mfizikia alikuwa na kisa cha kumjibu, na kisa hicho ndicho kilichonishika kuliko vyote vya siku ile.

MFIZIKIA: Nitachukua radikali ambayo haina molekuli yake kabisa. Ukipiga maji kwa mionzi, elektroni zinang'olewa, na baadhi yake zinatua ndani ya maji na kubaki humo kwa muda mfupi zikiwa peke yake. Edwin Hart na Jack Boag waliiona mwaka 1962 kwa sababu inanyonya mwanga mwekundu, karibu nanomita 720. Huyu ni elektroni tupu. Hana pete wala methili za kumlinda. Kila tulijualo juu ya sura yake ni la kiyeyushi. Je, amekaaje? Larry Kevan alichukua mmumunyo mzito wa sodiamu haidroksidi, akaugandisha ukawa kioo kwenye kelvini 77, akazikamata elektroni humo, kisha kwa mapigo ya rezonansi akapima umbali wa protoni zilizo jirani. Alichokipata: molekuli sita za maji zimemzunguka, kila moja imeelekeza haidrojeni moja kwake. Elektroni kwenye tundu, maji sita yamemtazama. Picha hiyo imeingia vitabuni.

MWALIMU: Na mwaka 2010 picha hiyo ikapingwa.

MFIZIKIA: Ikapingwa na kompyuta. Kundi la Benjamin Schwartz kule Los Angeles lilipiga hesabu likasema hakuna tundu. Elektroni amejitandaza juu ya eneo ambalo maji yake yamesongamana zaidi kidogo kuliko kawaida. Wengine wakajibu kwamba hesabu ile ilitumia nguvu ya mvuto iliyotiwa chumvi. Mabishano yakaendelea miaka. Lakini katika zogo hilo lote, ushahidi uliowahi kuhesabu majirani mmoja mmoja ulikuwa wa rezonansi ya sumaku.

MWALIMU: Kwenye kioo chenye alkali nzito, kelvini 77! Maji ya bahari ya Hindi hayako hivyo, wala ya kwenye seli. Mimi siwezi kumhukumu mtu aliye macho kwa jinsi alivyolala. Kevan alifanya kazi safi kabisa, sina neno naye. Wanaoichukua namba sita na kuitembeza kwenye maji ya nyuzi 25 ndio wenye deni la maelezo.

MFAMASIA: Naomba niingie. Mmezunguka heksani, mmezunguka kioo, mmefika Los Angeles. Majani yangu yako wapi?

MWALIMU: Yako methanolini, ndiko yanakoponzwa. Sikiliza. Keith Ingold, aliyefanya kazi Ottawa miaka mingi, na wenzake waliuliza swali kama lako. Walichukua radikali ya alkoksili, kali sana, wakaipa saikloheksani iipokonye haidrojeni. Kasi ilikuwa ileile katika kila kiyeyushi. Ukiishia hapo utasema kiyeyushi ni chombo tu, umeshinda. Kisha wakaipa radikali hiyohiyo fenoli, aina ya molekuli ya antioksidanti nyingi za mimea yako. Kasi ikaporomoka kutoka kiyeyushi kimoja hadi kingine, kwa mara mamia. Radikali haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba haidrojeni ya fenoli, ile inayotakiwa kupokonywa, tayari imeshikwa na kiyeyushi kinachopenda kupokea vifungo vya haidrojeni. Radikali inafika, inakuta mali imewekwa rehani.

MFIZIKIA: Na la kushangaza zaidi, walipoilinganisha DPPH na radikali ya alkoksili, ambazo kasi zake kwa fenoli zinatofautiana kwa karibu mara bilioni 10, athari ya kiyeyushi ilikuwa ileile kwa uwiano. Kwa hiyo hapa kiyeyushi hakiongei na radikali hata kidogo. Kinaongea na fenoli.

MFAMASIA: Basi mmenisaidia. Radikali haiguswi.

MWALIMU: Ngoja. Methanoli ina jambo la pili. Mwaka 2003 Litwinienko na Ingold walionyesha kwamba DPPH na fenoli kwenye alkoholi huenda haraka kuliko inavyotakiwa na hesabu ile ya vifungo. Sababu ni kwamba methanoli inaruhusu baadhi ya fenoli zipoteze protoni. Fenoli iliyopoteza protoni ina chaji hasi, na inairushia DPPH elektroni kwa kasi kubwa mno. Sehemu ndogo tu ya fenoli ikifanya hivyo, inatawala kipimo kizima. Walipotia asidi asetiki kidogo, protoni zikazuiwa kutoka, kasi ikashuka. Yaani ulipodhani unapima nani antioksidanti mzuri, ulikuwa unapima pia nani ana asidi zaidi. Mikamuo miwili, mmoja wenye asidi za mmea nyingi na mwingine usio nazo, inaweza kupishana kwa sababu isiyohusiana na unachokitafuta.

Mfamasia alichukua muda kujibu, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia.

MFAMASIA: Nakubali kwamba methanoli ina neno. Lakini mwili nao si heksani. Damu ni maji, ndani yake fenoli zinapoteza protoni pia. Kwa nini njia ya elektroni iitwe kasoro, wakati huenda ndiyo njia inayotokea kwenye damu? Na hakuna mtafiti mwenye akili anayesema kipimo cha DPPH ni mwili wa mtu. Ni uchujaji wa awali. Nina mimea arobaini, nataka kujua niendelee na mitano ipi. Mkiniambia ninunue mashine ya rezonansi kwa ajili ya hilo, mimea itakauka kabla ya zabuni kupita.

MWALIMU: Kwa damu una hoja. Kwa mafuta ya utando wa seli huna. Vitamini E inafanya kazi yake kwenye mafuta, na huko protoni haina pa kwenda.

MFIZIKIA: Na kwenye utando rezonansi ina kisa chake. Miaka ya 1970 watu walizishonea molekuli za mafuta kikundi cha nitroksidi, mara karibu na kichwa, mara katikati ya mkia, mara mwishoni. Kisha wakasoma umbali wa mistari mahali hadi mahali. Karibu na vichwa, namba zilionyesha maji yapo. Kadiri unavyoingia ndani, zikashuka kuelekea za heksani. Kile kipimo cha TEMPO kwenye viyeyushi, ambacho umekiona cha kitoto, ndicho kilichokuwa rula ya kupimia maji yanaingia utandoni hadi wapi. Dawa yako ya kupita kwenye utando inapita kwenye mteremko huo.

Sasa juu ya mashine. Spektrofotomita yako inasoma rangi, na majani yana rangi zao. Chukua choya. Wekundu wa choya unanyonya mwanga karibu na nanomita 520, palepale unaposomea DPPH. Unatoa rangi ya choya kwa sampuli ya kulinganisha, sawa, lakini rangi hiyo nayo inabadilika inapoungana na radikali. Rezonansi haioni rangi. Inaona elektroni pweke tu. DPPH kwenye mmumunyo inatoa mistari mitano, kwa sababu naitrojeni zake mbili zinakaribia kulingana, na mistari hiyo inapungua bila kujali sampuli ni nyekundu, kijani au ina matope.

MFAMASIA: Mimea ya rangi kali ni michache.

MFIZIKIA: Ndiyo hiyohiyo mnayoipa sifa nyingi zaidi.

Nilimuuliza Mfizikia kama kuna njia ya kukisikiliza kiyeyushi chenyewe, maana mpaka hapo tulikuwa tunamhoji radikali na kukisia habari za jirani yake. Alisubiri swali hilo, nadhani.

MFIZIKIA: Ipo, na msingi wake ni wazo la Albert Overhauser la mwaka 1953. Alilitoa kwa ajili ya metali, lakini linafaa kwa vimiminika. Unaweka nitroksidi ndani ya maji, unaipiga elektroni kwa mikrowevu bila kuipumzisha, na wakati huohuo unasikiliza protoni za maji kwa rezonansi ya viini. Usumaku wa elektroni unavuja kwenda kwa protoni zilizo karibu. Sauti ya maji inapanda. Kinadharia, kwa kuwa elektroni ina usumaku mara 658 ya ule wa protoni, sauti ingeweza kupanda kiasi hicho. Kwenye maji ya kawaida hupanda chini ya hapo, na kwa alama ya kutoa, yaani inageuka juu chini. Lakini kinachonivutia ni hiki: kiasi cha kuvuja kinategemea molekuli za maji zinapita karibu na radikali kwa mbio gani. Maji yaliyo huru yanapita ndani ya makumi ya pikosekunde. Ukiibandika radikali ileile kwenye protini, maji ya hapo yanapita polepole zaidi, na mvujo unashuka. Huyo ni kiyeyushi anaeleza mwendo wake mwenyewe. Na tunafanya kwenye kimiminika kinachotembea, Mwalimu, hakuna kilichogandishwa.

MWALIMU: Hapo umenipata. Sehemu.

MFIZIKIA: Sehemu gani imebaki?

MWALIMU: Umenipa mwendo, hujanipa kifungo. Najua maji yanapita mbio gani, sijui mangapi yameshikana na oksijeni ya TEMPO kwa nukta moja ya wakati. Kwa hilo bado unarudi kwenye kioo chako.

MFAMASIA: Mimi nirudi kwenye ripoti yangu, nina tarehe ya mwisho. Nifanye nini kesho asubuhi?

MWALIMU: Mikamuo yako mitano bora, siyo yote arobaini, irudie kwa methanoli iliyotiwa asidi asetiki kidogo, na tena kwa ethili asetati, ambamo protoni haitoki kirahisi. Spektrofotomita yako inatosha kabisa. Jotoridi uliandike.

MFAMASIA: Na mpangilio ukigeuka? Mmea wa kwanza ukawa wa nne?

MWALIMU: Andika mipangilio yote miwili, na kila mmoja uutajie kiyeyushi chake kwenye kichwa cha jedwali, siyo kwenye maelezo madogo ya chini.

MFAMASIA: Mhakiki ataniuliza upi ni wa kweli.

MFIZIKIA: Ule wa choya niletee kwanza, kabla hujaandika chochote. Uulete kwenye ethili asetati, uwe umeutoa hewa, na usinijazie mrija.